Joto la Asubuhi na Mtoto Anayengojewa



Huku kwetu kwenye majani chai, toka Boito hadi Litein, wapo mume na mke waliokaa miaka miwili, mitatu, bila mtoto. Kila mwezi hedhi ikirudi, nyumba hunyamaza. Mama mkwe haachi kuuliza, na wazee wengine humnong'oneza bwana kwamba zamani angekwisha kuoa wa pili. Kabla hamjavunjika moyo, iko kazi ndogo mnayoweza kuifanya nyumbani kwa themometa na daftari.

Wakatoliki wengi wameisikia njia hii ikitajwa kwa ajili ya kupanga uzazi. Ni hiyo hiyo. Padre mmoja Mjerumani, Wilhelm Hillebrand, alibuni namna ya kufuata joto la mwili mwaka 1935, na mwaka 1968 Papa Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae, alifundisha kwamba ni halali kufuata vipindi vya asili. Lakini daftari linaloonyesha siku za kujizuia huonyesha pia siku za kutafuta mtoto.

Yai likishatoka, mwili wa mama hutengeneza homoni iitwayo projesteroni, nayo hupandisha joto kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5. Ni kidogo mno, mkono hauwezi kuhisi. Kwa hiyo tafuteni themometa inayoonyesha tarakimu mbili baada ya nukta.

Mama apime mara tu aamkapo, saa ile ile kila siku, kabla hajashuka kitandani wala kunywa kitu. Najua ng'ombe wanangoja kukamuliwa na gari la kwenda shambani halingojei mtu. Wangoje dakika chache. Themometa ikae chini ya ulimi, mdomo umefungwa, maana baridi ya huku si mchezo. Bwana ndiye aandike. Nasema hivi makusudi: mume anayeandika nambari kila asubuhi hawezi tena kusema hilo ni jambo la wanawake. Daftari la hesabu lenye miraba linatosha, na siku ya kwanza ya hedhi ndiyo siku ya 1.

Mwenye zamu ya usiku kiwandani apime baada ya usingizi wake mrefu, usiopungua saa tatu, na aweke alama pembeni. Aweke alama pia akiwa na malaria au mafua, au kama jana yake palikuwa na sherehe na busaa. Joto la siku hizo hudanganya.

Sasa someni. Tuseme siku sita zilikuwa 36.30, 36.40, 36.35, 36.30, 36.40 na 36.35. Kisha zikaja 36.60, 36.65 na 36.65. Siku tatu mfululizo juu ya zile sita: yai limekwisha kutoka.

Limekwisha kutoka! Hapa ndipo wengi hukosea. Hungoja joto lipande ndipo wakutane, kumbe yai huishi saa 12 hadi 24 tu, na mlango umekwisha fungwa. Mbegu za mume zaweza kuishi ndani ya mama hadi siku tano, kwa hiyo siku zenye matumaini ni zile zinazotangulia kupanda kwa joto. Joto hutoa habari za jana; anayetoa habari za kesho ni ute. Mama akiona ute mwepesi unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku, wakati umefika. Kutaneni kila siku au siku moja baada ya nyingine, mpaka joto lipande. Hakuna faida ya kuweka akiba kwa wiki nzima.

Andikeni miezi mitatu. Mtaona kama joto lenu hupanda siku ya 14, au ya 18 kwa mwenye mzunguko wa siku 32. Wanaohesabu 14 kwa kila mwanamke huwapotosha watu. Joto likikaa juu siku 18 au zaidi bila hedhi, nendeni mkapime mimba.

Kama joto halipandi kabisa miezi hiyo yote, yamkini yai halitoki, msingoje. Wengine wangoje mwaka mmoja wa kutafuta kwa bidii, au miezi sita kama mama amepita miaka 35. Kisha nendeni hospitali, iwe Kaplong au Tenwek, wote wawili. Katika karibu nusu ya wanandoa wasiopata mtoto, upande wa mume una tatizo pia, na kipimo chake ni chepesi kuliko vya mama. Bwana aanze yeye. Daftari mlichukue, daktari atalisoma kabla ya kuuliza neno lingine.