Verckys: Saksafoni, Swali Balagha na Umiliki wa Sauti

Makala haya yanachunguza safari ya kisanaa ya Georges Kiamuangana Mateta, maarufu kama Verckys, mpulizaji saksafoni wa Kongo aliyezaliwa Kisantu mwaka wa 1944 na kufariki mwaka wa 2022. Hoja inayojengwa ni kwamba uhuru wa sauti ya msanii hutegemea pia nani anamiliki ala anazozitumia.

Ifahamike kwanza kuwa neno "jazz" katika majina ya bendi za Afrika ya Kati na Mashariki halikurejelea muziki wa Kimarekani moja kwa moja. OK Jazz ya Franco, sawa na Morogoro Jazz ya Tanzania na Shirati Jazz ya Kenya, ilipiga muziki wa dansi uliotawaliwa na gitaa. Verckys alijiunga na OK Jazz mwaka wa 1963, akaipa saksafoni nafasi ya kujibizana na gitaa hilo. Franco akiwa Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo kwa siri pamoja na baadhi ya wanabendi wenzake. Mgogoro uliozuka ulimfanya aondoke na kuunda Orchestre Vévé.

Uhuru huo ulidhihirika katika "Nakomitunaka" (1972), wimbo wa Kilingala ambao anwani yake ina maana ya "najiuliza". Mbinu yake kuu ni swali balagha: nafsineni inahoji kwa nini picha za kidini huwaonyesha malaika na watakatifu wakiwa weupe ilhali shetani ni mweusi. Wimbo huo ulilikera Kanisa Katoliki, lakini uliafikiana na sera ya Mobutu ya kurejelea uasilia wa Kiafrika. Hivyo basi, ujasiri wake hauna budi kusomwa katika muktadha huo wa kisiasa.

Aidha, Verckys aligeuka mfadhili na mtayarishaji. Kupitia Éditions Vévé alizikuza bendi chipukizi kama vile Bella Bella na Lipua-Lipua, ambazo nyimbo zake zilipendwa hadi Kenya. Hata hivyo, ndugu wa Soki, viongozi wa Bella Bella, walijitenga naye ili wajitegemee, jinsi yeye mwenyewe alivyojitenga na Franco.

Kwa kuhitimisha, mhakiki wa nyimbo hapaswi kukomea kwenye maudhui na fani. Sharti aulize pia: nani aliyemiliki ala, studio na santuri? Katika maisha ya Verckys, jibu la swali hilo ndilo lililoamua nani angesikika.