Mamaledi ya karoti na machungwa: nyuzi 104 za kwenye mapishi hazitufai Simiyu

Anayelima karoti kwa biashara anajua kuwa shamba halitoi zilizonyooka tupu. Kwenye udongo mzito zinatoka zilizopinda na zenye miguu miwili, na mnunuzi anazisukuma pembeni. Utamu wake ni uleule. Zikikutana na machungwa na malimao zinatoa mamaledi, yaani ile jemu yenye vipande vya maganda, na ikitengenezwa vizuri chupa isiyofunguliwa inakaa miezi bila friji.

Ila karoti peke yake haigandi wala haijilindi, kwa sababu asidi yake ni ndogo mno. Kinachogandisha ni pektini, na kwenye machungwa na malimao imejaa katika mbegu na ile nyama nyeupe chini ya ganda, vitu ambavyo wengi tunatupa.

Kwa kuanzia chukua karoti kilo 1, machungwa 4, malimao 6, sukari kilo 1.5 na maji lita 1.5. Osha vizuri. Menya ganda la rangi kwa wembamba, ulikate nyuzinyuzi, kisha kamua maji ya matunda. Mbegu na nyama nyeupe zifunge kwenye kitambaa safi cha pamba (sisi wa Simiyu pamba hatuombi kwa mtu). Kwaruza karoti, changanya vyote isipokuwa sukari, acha vilale usiku mmoja.

Asubuhi chemsha taratibu mpaka ganda libonyee kwa vidole. Usiwe na haraka hapa: sukari ikitangulia, ganda linabaki gumu hata upike mpaka jioni. Toa kitambaa, kikamue sana, ule utelezi unaotoka ndio pektini yenyewe. Sasa tia sukari, koroga iyeyuke, ongeza moto.

Wengi wanaharibikiwa hapa. Mapishi mengi yanasema ipua ikifika nyuzi joto 104 au 105. Hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Ziwa Victoria tu liko mita 1,134 juu ya bahari, na Bariadi iko juu zaidi, kwa hiyo maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nimeona kikundi cha vijana wakingojea 104 mpaka sufuria nzima ikawa nyeusi na ngumu kama pipi. Kilo za sukari zikaenda hivyo. Dawa ni rahisi: chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto chako, kisha ongeza nyuzi 4.5. Kikisoma 96, ipua kwenye 100.5. Huna kipimajoto? Dondoshea kidogo kwenye sahani ya baridi, subiri, sukuma kwa kidole. Ikikunjamana juu, imeiva.

Ipua, pumzisha dakika 10 ili maganda yasielee yote juu, halafu jaza ikiwa bado moto kwenye chupa zilizochemshwa. Funga na uchemshe chupa ndani ya maji dakika 10.

Kwa anayeuza, nunua karatasi za kupimia pH. Lenga kati ya 3.0 na 3.3. Ikizidi 3.5 ongeza maji ya limao kabla ya kujaza. Chakula cha chupa kikivuka 4.6, bakteria wa sumu ya botulizimu wanaweza kukua humo bila harufu wala dalili, na mteja hatajua.

Hesabu sasa. Sukari kilo 1.5 inakupa mamaledi kilo 2.5 hivi, yaani chupa 10 za gramu 250. Gawa kwa 10 bei ya sukari, matunda, mkaa na kibarua, ongeza chupa na lebo, na karoti zako nazo zipe bei hata kama zilikuwa za kutupwa. Mara nyingi chupa ndiyo inakula faida kuliko sukari, kwa hiyo ulizia bei ya jumla kabla hujapika.

Usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019, si TFDA tena. Mjasiriamali mdogo aanzie SIDO, ndio wanaomtambulisha huko. Andika kwenye lebo tarehe ya kupika na namba ya sufuria, na weka chupa moja ya kila sufuria kabatini kwako.