Wenzangu wananipita, niache kuchora?

SWALI: Nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Kagongwa. Jioni sisi watu watatu tunachora pamoja, kwa kupenda tu. Wenzangu wanasonga mbele, mimi naona narudi nyuma. Niache?

JIBU: Usiache, ndugu yangu. Mara nyingi jicho hukua kabla ya mkono: makosa yanayokuumiza leo, mwaka jana hukuyaona kabisa. Andika tarehe nyuma ya kila mchoro, na baada ya miezi sita itandazeni yote sakafuni, mtazame pamoja. Mnapooneshana kazi, "safi sana" haitoshi. Uliza jambo moja, kwa mfano: huyu ng'ombe amesimama au anaelea? Mwenzako atakuonesha kwato zilizokosa kivuli, nawe utajua pa kuanzia kesho.

Kuchora pamoja na wenzako kuna faida. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Hakusomea sanaa. Aliwafundisha jamaa zake wakichora pamoja, na alipofariki mwaka 1972 wao ndio walioendeleza mtindo unaobeba jina lake.

Jumapili hii wapelekee wenzako ule mchoro unaouonea aibu kuliko yote.