TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 25: Usiondoke Kwenye Kiota



Leo tumtazame kiumbe mmoja wa Mwenyezi Mungu aliye mbali sana na sisi. Ni bata wa baharini aitwaye eida. Makazi yake ni pwani za baridi za kaskazini: Iceland, Greenland, Norway, Kanada, mpaka visiwa vya Svalbard.

Ni bata mkubwa, uzito wake kama kilo 2. Dume ni mweupe mgongoni, mweusi tumboni na utosini, na kisogoni ana kijani hafifu. Jike ni wa kahawia mwenye milia myeusi. Akilala kwenye majani makavu unaweza kumpita usimuone.

Riziki yake iko chini ya bahari. Anapiga mbizi, anaokota kome na kaa wadogo. Kome anammeza mzima na gamba lake, firigisi ndiyo inayosaga. Subhanallah!

Sasa sikiliza hili. Kabla ya kutaga, jike anakula sana mpaka ananenepa. Kisha anajinyofoa malaika, yale manyoya laini ya kifuani, anatandika kiota, anataga mayai kama 4 au 5, anayalalia. Atakaa hapo siku 24 hadi 26, na muda wote huo hali karibu kitu chochote. Hunyanyuka mara chache, kwa muda mfupi tu, akanywe maji. Hana daku, hana futari. Anaishi kwa akiba ya mwili wake, na hupungua theluthi ya uzito, hata zaidi.

Ndugu yangu, mtihani wake mkubwa hauko siku ya kwanza, maana siku ile bado amenona. Mtihani uko siku hizi za mwisho, akiba imekwisha na bahari yenye kome anaiona pale pale. Akiondoka sasa, mayai yanapoa au shakwe wanayachukua, na vifaranga walikuwa wamebakiza siku chache tu watoke.

Ndege yule anafuata maumbile aliyopewa. Wewe umepewa nia na hiari. Je, wewe uko wapi leo? Siku ya kwanza safu zilijaa hadi nje. Sasa kumi la mwisho limeingia, wengi tuko madukani tunatafuta nguo za Idi, tarawehe tunaikimbilia rakaa mbili za mwisho. Ulichokilea siku 24, mbona unakiacha kipoe leo?

Kazi ya leo: chagua ibada moja uliyoianza mwezi huu ukaiacha njiani, juzuu, sadaka au kisimamo cha usiku, uirudie usiku huu huu. Na usimsahau mama jikoni. Mpokee mtoto au vyombo, naye apate nafasi ya kusali.

Ewe Mola, tupe nguvu ya kumaliza kama ulivyotupa nguvu ya kuanza. Amin.

Mtumie na mwenzako.