Herufi za kikokotoo zinapogongana

Swali: Kwenye TI-84 Plus nimeandika programu inayoita nyingine ndogo. Ile ndogo ikimaliza, thamani ya A katika programu kuu inakuwa imebadilika. Nikiomba lugha iboreshwe, nianze na lipi?

Jibu: Omba vigeu vya ndani, kabla ya kitu kingine chochote. Lugha ya mashine hiyo, TI-BASIC, ina vigeu vya namba halisi 27 tu, A hadi Z pamoja na theta, na programu zote huvichangia. Anayejifunza kuprogramu hastahili kubebeshwa mzigo huo. Wala huombi makubwa: TI-89, iliyotolewa 1998 na kampuni hiyohiyo, Texas Instruments, ina amri ya Local, na kigeu kilichotangazwa hivyo hutoweka programu yake inapoisha. Baada ya hapo, omba funsheni unazoziandika mwenyewe, zinazopokea thamani na kurudisha jibu.

Kwa sasa, pitisha thamani kwa Ans, na programu ndogo iache jibu lake humohumo. Thamani unazotaka zisiguswe zihifadhi kwenye orodha uliyoipa jina ulilochagua mwenyewe, lisilozidi herufi tano, ambalo programu ndogo hailitumii.