Kijiji kilichohama kuukimbia mto

Wanafunzi wangu huniuliza: watu wa nchi za baridi wanadhurika nini joto likiongezeka? Huwajibu kwa mfano wa Newtok, kijiji cha kabila la Yup'ik huko Alaska, Marekani.

Nyumba zake zilijengwa juu ya udongo ulioganda mwaka mzima. Hali ya hewa ilipozidi joto, udongo uliyeyuka, sakafu zikainama, na mto Ninglick ukawa unamega ardhi kila mwaka.

Wanakijiji hawakukaa wakisubiri. Walichagua Mertarvik, mahali palipoinuka, umbali wa kilomita 14 hivi. Mwaka 2003 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kubadilishana ardhi. Hata hivyo, familia za kwanza zilihamia mwaka 2019, na za mwisho 2024.

Kwa nini miaka 16 ipite kati ya sheria na nyumba? Kijiji kipya kinataka gati, umeme, maji na shule, na hapakuwa na idara moja iliyokabidhiwa kazi hiyo. Fedha zikaja kidogo kidogo.

Somo ninaloliona ni hili: watu wakiwa na umoja lakini serikali haikutenga fungu la kuwahamisha, watabaki kuutazama mto ukisogea mlangoni.