Macho Kutokeza kwa Ugonjwa wa Tezi: Urithi na Tumbaku

Mama mwenye ugonjwa wa Graves, macho yakiwa yamemtokeza, huuliza: "Je, wanangu nao wataupata?" Katika ugonjwa huu, kingamwili huichochea tezi ya shingo kupita kiasi na kuleta uvimbe katika misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Jeni za kinga ya mwili, zikiwemo HLA na CTLA4, huongeza uwezekano wa kuugua. Hata hivyo, urithi si hukumu: katika pacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mara nyingi huugua mmoja tu.

Kinachozidisha sana madhara ya macho ni uvutaji wa sigara. Hapa Makongolosi, wilayani Chunya, ambako tumbaku hulimwa, jambo hili latuhusu kwa karibu. Jeni hatuwezi kuzibadili. Sigara twaweza kuiacha.

Ndugu wa mgonjwa apimwe tezi mara aonapo mapigo ya moyo kwenda kasi, mikono kutetemeka au kukonda bila sababu. Nawe mhudumu wa afya, mgonjwa akisema rangi zimefifia, uoni umepungua au kope hazifumbi, mpe rufaa siku hiyohiyo kwa daktari bingwa wa macho.